Mwanamke wa Mstari wa Tatu

Mwanamke wa mstari wa tatu aliinua kichwa, akajifuta paji la uso kwa mkono wa kulia, akaitazama kamera, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Kimya alimwona. Wengine watatu waliokuwa wameizunguka simu hawakumwona, kwa sababu macho yao yote yalikuwa kwenye mashine. Na mashine yenyewe ilistahili kutazamwa. Ilikuwa na vichwa sita, kila kichwa na sindano zake, na vyote vilikuwa vinadarizi nembo moja kwa wakati mmoja, bila hata kimoja kuchelewa. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo juu ya meza ya kukatia. Chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana na ndicho sebule, kilijaa ngurumo ya kiwanda kilicho China.

"Mnaona?" Dereva alisema, kana kwamba ameiunda yeye. "Nembo mia moja kabla chai haijapoa."

"Chai yako wewe ipoe saa ngapi, unaimeza ikichemka," mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alimjibu.

Dereva alikuwa ameacha kuendesha malori miaka miwili nyuma, mgongo ulipomkatalia. Tangu hapo alikuwa mwanamume anayekaa nyumbani na mkewe akifanya kazi, na jambo hilo lilimuuma kuliko mgongo. Mashine hii aliitafuta yeye, kwenye simu yake, kwa Kiingereza chake cha barabarani. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili watu wa nyumba hii walikuwa wanamsubiri yeye aseme.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sare, alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka kumi na moja. Nembo za mifukoni zilikuwa kazi ya mdogo wake. Alizidarizi kwa mkono, nne kwa siku, tano akiwa na afya. Mdogo huyo aliletwa hapa alipoacha shule darasa la nne, na mama mkwe wa dada yake ndiye aliyembandika jina la Kimya, akisema ameletewa mtoto aliyeagizwa bila sauti. Sasa shule nne zilikuwa zimempa Mama Sare kazi kwa mkupuo mmoja. Mkono wa mtu mmoja usingeweza.

Muuzaji hakuonekana uso. Alisema yeye ndiye ameshika simu, ataonekanaje? Alizungumza Kiingereza cha taratibu na kila sentensi yake ilianza na neno rafiki, basi nao wakamwita Rafiki.

Siku mbili baadaye Rafiki alipiga tena. Ngurumo ileile, nguzo zilezile za kijani, vichwa sita vikishona. Kimya alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, sindano mkononi. Akamwona mwanamke wa mstari wa tatu akiinua kichwa. Mkono wa kulia. Paji la uso. Macho kwenye kamera.

Sindano ya Kimya ilisimama katikati ya kitambaa.

"Wewe, umeona jini?" Bibi alimuuliza.

"Hapana, Bibi."

"Basi funga mdomo, nzi ataingia."

Mchana huo Mama Sare alikwenda benki kutuma kianzio, malipo ya awali ya mashine. Kimya alimsindikiza, amembebea mkoba. Walitembea nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na Kimya hakusema kitu. Hakuna aliyeshangaa.

Kianzio kilipofika, Rafiki alianza kuandika kwa Kiswahili. Dereva alieleza kwamba siku hizi simu inatafsiri yenyewe, huhitaji kujua lugha ya mtu. Ujumbe wa kwanza ulisema: "Mpendwa mteja, mashine yako iko tayari na inalala vizuri." Walicheka mpaka Bibi akashika mbavu. Wa pili ulisema: "Mashine yako inakula mafuta mazuri." Wakacheka tena.

Wa tatu ulisema: "Mashine yako inauliza mtatuma lini. Haipendi kusubiri."

Bibi hakucheka. "Chuma kinachouliza maswali," alisema, "mimi sikitaki chini ya paa langu."

"Mama, ni tafsiri tu."

"Hata kama. Asiyekujua hakuthamini, lakini huyu anaandika kama mtu anayetujua."

Kisha ukaja ujumbe mrefu. Salio lote litumwe kabla ya Ijumaa, la sivyo mashine inapewa mteja mwingine na kianzio hakirudi. Tena lisitumwe kwenye akaunti ya mwanzo. Akaunti ya kampuni ilikuwa inakaguliwa. Litumwe kwenye akaunti ya mhasibu, jina lake hili hapa.

Salio hilo lilikuwa kiwanja. Hawakuwa na kingine. Mama Sare alikinunua kwa vipande, msimu kwa msimu wa sare, na alikuwa amekwenda kukiona mara nyingi bila sababu, asimame tu pale kwenye nyasi. Mnunuzi wa kiwanja alikuwa tayari amepatikana. Angekuja Alhamisi saa tisa alasiri na pesa taslimu.

"Tuulize mtu kwanza," Mama Sare alisema.

"Nani? Unadhani sijauliza?" Dereva alimimina chai nyingine kwa hasira. "Kwenye kundi letu la simu nusu wanasema Wachina wote wezi, nusu wanasema hawana tatizo. Kila mtu ana binamu yake aliyetapeliwa, hakuna hata mmoja mwenye karatasi. Mimi karatasi ninayo."

Akatoa leseni aliyoichapisha kwenye duka la kompyuta. Juu kulikuwa na jina la kampuni kwa Kiingereza, na chini, kwenye muhuri mwekundu, maandishi ya Kichina.

"Umeisoma?" Mama Sare alimuuliza.

"Muhuri hausomwi. Unaonekana."

Kimya aliokota vikombe. Alipopita nyuma ya shemeji yake alisimama akautazama muhuri ule. Alikuwa na macho ya mtu anayenakili. Wakuu wa shule walimletea nembo zilizofifia, simba asiye na mguu, kitabu kilicholiwa na maji, naye alizirudisha nzima. Aliutazama muhuri mara tatu siku hiyo, kila mara akijifanya anafuta meza.

Simu ya tatu ilikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Dereva aliiegemeza kwenye kopo, ngurumo ikajaa. Wakati huohuo gari la matangazo la idara ya maji likapita mtaani, kipaza sauti kikipiga kelele: "Wananchi mnatangaziwa, maji yatafungwa kesho kuanzia saa mbili! Jazeni vyombo vyenu!" Lilipita mlangoni, likakata kona kwenye mashine ya kusaga, sauti ikafifia, ikaisha kabisa.

Rafiki alikuwa anaeleza habari za meli. Ghafla akanyamaza. Picha iliendelea, vichwa sita viliendelea kushona. Halafu, chini kabisa ya ngurumo ya kiwanda, ndani ya simu, ikaja sauti nyembamba.

"...mnatangaziwa... kuanzia saa mbili... jazeni..."

Mama Sare alimshika mumewe mkono. Simu ilisikika hivyo kwa muda wa pumzi kadhaa. Sauti ile ilipokwisha, Rafiki akaendelea na habari za meli pale alipoishia.

"Umesikia?" Mama Sare alinong'ona baada ya simu kukatwa.

"Mwangwi," Dereva alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini alikuwa amekwisha kulisema neno hilo na hakuweza kulirudisha. "Simu huwa inarudisha sauti yetu."

"Mwangwi unachelewa kiasi hicho?"

"Kutoka China? Ni mbali."

"Makubwa," Bibi alisema. "Hata China nao kesho hawana maji."

Hakuna aliyecheka, wala yeye.

Jumatano Kimya alitumwa kupeleka nembo kumi kwenye shule ya karibu. Aliporudi hakupita njia ya nyumbani. Alikwenda kwenye jengo la mawakala wa mizigo, akapanda ngazi mpaka ofisi ya mwanamke mmoja ambaye kila mwaka alishonesha sare za wanawe kwa Mama Sare, na ambaye kazi yake ilikuwa kutoa makontena forodhani.

Karani wa mlangoni alimpima kuanzia kandambili kwenda juu. "Kazi za usafi wanaandika Jumatatu."

Kimya alifungua mdomo, haikutoka sauti. Akasimama palepale. Alisimama muda mrefu mpaka karani akaanza kuona haya yeye, akaenda kumwita Wakala.

"Wewe si mdogo wake Mama Sare? Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Sema kwa nguvu, mwanangu, mimi sisomi midomo."

Kimya akatoa kwenye mkoba kipande cha kitambaa cheupe, akakikunjua juu ya meza. Juu yake, kwa uzi mwekundu, yalikuwa yamedariziwa maandishi ya Kichina, mstari mmoja.

Wakala alivaa miwani. "Hii ni nini?"

"Jina la kampuni. Sikuthubutu kuichukua karatasi ya shemeji."

"Umedarizi Kichina?"

"Nimefuata mistari tu."

Wakala alicheka, kisha akaacha kucheka. Akavuta kiti karibu, akataka kusikia yote, na Kimya akamweleza kwa sentensi fupifupi: kianzio, salio, mhasibu, Ijumaa, kiwanja.

"Sikiliza," Wakala alisema. "Nimeshafungua kontena la vigae nikakuta mchanga. Na nimeshafanya biashara na Wachina waaminifu miaka kumi na tano, wananijua mpaka maradhi yangu. Kazi ni kujua nani ni nani. Lile jina la Kiingereza ni kama jina la utani, yeyote anaweza kujibandika. Jina la kampuni ni hili ulilolishona. Serikali yao ina daftari la kampuni zote, liko wazi mtandaoni. Ukiwa na jina hili unaona ilisajiliwa lini, inafanya nini, iko wapi, na namba yao ya simu. Unapiga hiyo namba ya kwenye daftari. Hupigi aliyokupa muuzaji. Ukimpigia mwizi kumuuliza kama ni mwizi, unategemea akwambie nini?"

Akakipiga picha kitambaa, akaituma kwa mwenzake anayeishi huko, anayesoma lugha yao. Kimya akasubiri kwenye benchi. Karani alimletea maji bila kuombwa.

Jibu la kwanza lilikuja baada ya nusu saa. Kampuni ipo. Inatengeneza mashine za kudarizi, ina zaidi ya miaka ishirini. Kimya alishusha pumzi ndefu, na yeye mwenyewe hakujua kama ilikuwa ya nafuu.

Kisha mwenzake Wakala akapiga. Alikuwa ameongea na kiwandani. Wakala alisikiliza, akaitikia, akasikiliza, na taratibu akavua miwani.

"Anasema amepokelewa na karani, binti mstaarabu sana. Anasema sisi ni wa tisa kuuliza. Video ni ya kwao, waliipiga kutangaza mashine zao, mtu ameichukua. Akaunti zote mbili hawazijui. Na jengo lile lenye nguzo za kijani lilibomolewa miaka minne iliyopita. Walihama. Pale sasa ni barabara."

Kimya alikikunja kitambaa chake. Halafu akauliza, "Na yule mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Wa mstari wa tatu. Anayeinua kichwa."

Wakala alimtazama, akauliza kwenye simu, akasubiri. "Binti anasema hamjui. Walipohama, wafanyakazi wengi waliondoka, kila mtu na njia yake."

Kabla hajaondoka Wakala alimwandikia yote hayo kwenye karatasi, akaongeza: kampuni hailipwi kwa jina la mhasibu, jina la leseni na jina la akaunti lazima yawe mapacha. "Na mwambieni awaonyeshe kitu ambacho hakujiandaa nacho."

"Kitu gani?"

"Mshonaji ni wewe. Mimi nitajuaje?"

Dereva aliisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja.

"Kwa hiyo umekwenda kumwaga siri za nyumba kwa watu."

Kimya alirudi kwenye kigoda chake.

"Huyu Wakala anatafuta mteja. Anataka tuagize kupitia kwake atukate asilimia. Wewe uliyeishia la nne ndiye umeijua China?"

"Mwache mtoto," Mama Sare alisema, lakini alisema bila nguvu. Kianzio kilikuwa kimekwenda. Kama karatasi ile ilikuwa kweli, basi kimekwenda bure, na hilo hakuwa na mahali pa kuliweka. Mnunuzi hakuambiwa asije.

Alhamisi saa tisa mnunuzi alikuja. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka, akakaa kwenye kochi na bahasha mapajani, akitazama saa. Hati ya kiwanja ilikuwa mezani. Mama Sare alikuwa ameshika kalamu wakati simu ilipolia.

"Vizuri," Dereva alisema. "Na yeye ajionee mwenyewe tunanunua nini."

Ngurumo. Nguzo za kijani. Vichwa sita. Rafiki aliwaamkia wote, akauliza kama salio limetumwa. Dereva akamjibu kwamba bado dakika chache.

"Mwambie ageuze kitambaa."

Waligeuka kutafuta nani amesema. Alikuwa Kimya, amesimama, mikono nyuma.

"Nini?"

"Kuna nembo imekwisha pale pembeni, shemeji. Mwambie aichukue aigeuze, tuone nyuma yake."

Katika nyumba ile hakuna nembo iliyopokelewa bila kugeuzwa. Mbele kila mtu hupendezesha. Ni nyuma ndiko kunakoonyesha kama uzi umefungwa au umeachwa, kama mkono ulikuwa na subira. Mama Sare aliiweka kalamu chini, kama mtu aliyeamshwa.

"Kweli," alisema. "Miaka kumi na moja sijapokea hata nembo moja ya mfukoni bila kuigeuza. Hii ya kiwanja changu mbona sijaigeuza? Muulize, Dereva."

Dereva akauliza. Rafiki akajibu kwamba mashine haiwezi kusimamishwa.

"Hatusemi isimame. Ile iliyokwisha."

"Rafiki, kesho. Leo msimamizi hataki."

"Anasema kesho," Dereva alisema, na sasa hakumtazama mtu usoni.

Kimya alikuwa anahesabu kwa midomo. Akanyoosha kidole kwenye simu.

"Sasa mwanamke wa mstari wa tatu atainua kichwa."

Mwanamke wa mstari wa tatu aliinua kichwa.

"Atajifuta paji la uso. Mkono wa kulia."

Akajifuta.

"Sasa atatutazama."

Na mwanamke akawatazama, wote watano, kutoka kwenye jengo lisilokuwepo tena, kwa macho ya mtu aliyechoka anayetaka kujua ni saa ngapi. Mnunuzi alijikuta amesimama, bahasha imeanguka miguuni.

"Huyu binti anajuaje?"

"Ameshafanya hivyo mara nne," Kimya alisema.

Kisha akaisogelea meza, akainama juu ya simu. Hakumngoja shemeji yake atafsiri. Alisema kwa Kiswahili, polepole, "Geuza kitambaa."

Ngurumo ya kiwanda ikakatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Picha haikukatika. Vichwa sita viliendelea kupanda na kushuka bila mlio wowote. Na ndani ya ukimya ule ikasikika pumzi ya mtu, karibu sana, halafu sauti, kwa Kiswahili safi kisichotafsiriwa na chochote, sauti tulivu iliyokuwa karibu kucheka.

"Kumbe na huyu huongea."

Kioo kikawa cheusi.

Mnunuzi aliokota bahasha yake akaondoka bila kuaga. Hati ilibaki mezani. Bibi alikwenda kufunga mlango wa mtaani, saa tisa na nusu alasiri, jua likiwaka, akaweka na komeo.

Kwenye kituo cha polisi waliandika maelezo yao kwenye kitabu kikubwa, wakaambiwa wasubiri kupigiwa. Namba ya Rafiki haikupatikana tena. Mama Sare alizirudishia shule mbili kazi yao na kubaki na mbili, akiomba radhi kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa wateja. Dereva hakusema samahani. Hakuwa mtu wa neno hilo. Lakini Ijumaa asubuhi alikaa mezani mbele ya rundo la nembo, akavaa miwani ya mama yake, akaanza kukata nyuzi zilizoning'inia, moja moja, na vidole vyake vya usukani.

Kilichobaki ni sauti. Mteja aliyeingia akasema hamjambo, wote wanne waliinua vichwa. Muuza mkaa, fundi wa simu, baba wa mtoto aliyekuja kupunguziwa suruali: waliwasikiliza kwanza kabla ya kuwajibu. Mtu mmoja katika mtaa ule, au mitaa ya jirani, alikuwa amekaa kwenye chumba chake akawasikia wakicheka, akajua hata nani kati yao hasemi. Labda alikuwa amewahi kupimwa kiuno hapahapa.

Jumamosi asubuhi dada wawili walikuwa peke yao karakanani. Mama Sare alikuwa anakata, Kimya anadarizi. Mkasi ulisimama.

"Kianzio kimekwenda, basi," Mama Sare alisema. "Lakini kiwanja kipo. Ningekuwa sasa hivi sina pa kusimama. Wewe ndiye umeniokoa, mdogo wangu, na mimi kutwa nawaacha wakuite bubu." Akajifuta macho kwa kipande cha kaptula. "Hebu niambie. Uligundua lini kwamba ile picha inajirudia? Ile siku ya gari la maji?"

Kimya angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi, na dada yake alikuwa amekwisha kulitengeneza, lilihitaji kuitikiwa tu. Angeitikia, na wangeendelea na kazi, na ingekuwa hivyo maisha yao yote.

Akaichomeka sindano kwenye kitambaa, akakiweka mapajani.

"Niliona mapema, dada. Siku ile uliponipa mkoba nikusindikize benki, nilikuwa nimeshaona. Nilijua njia nzima, kwenda mpaka dirishani. Haikuwa haya iliyonizuia. Ningekwambia, ungetafuta muuzaji mwingine, wa kweli, na mashine ingekuja. Mimi sikutaka ije. Ingekuja, mimi ningekuwa wa nini humu ndani?"